Kamera nyeusi, silva au nyeupe: rangi ya bodi ina uzito gani unaponunua?

Umeshachagua modeli. Umeuliza wenzako, umelinganisha lenzi, pesa umezidunduliza miezi minane. Unafika dukani, muuzaji anaweka juu ya kaunta maboksi mawili yanayofanana kwa kila kitu, halafu anauliza: "Nikupe nyeusi au silva?" Nimewahi kumwona kijana akitoka dukani mikono mitupu kwa swali hilo moja. Alisema anakwenda kulifikiria.

Walikuwapo waliomcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu wanaosema kwamba rangi ni urembo tu wana nusu ya ukweli. Rangi ya bodi haipiti kwenye lenzi, lakini ina milango mingine ya kuingilia kwenye kazi yako: uso wa mtu unayempiga, kioo kilicho mbele yako, jua la saa saba mchana, na mfuko wako siku utakapotaka kuiuza. Napiga picha za harusi na za bidhaa, Dar es Salaam na Unguja, kwa kamera nyeusi na kwa ya silva. Nyeupe nimeitumia kwa kuazima kwa mwenzangu, mara nyingi kiasi cha kuijua tabia. Zote tatu nitazipima kwa mizani ileile.

Rangi isichokigusa

Modeli moja ikitoka kwa rangi mbili, kwa kawaida ndani ni kitu kilekile. Fujifilm X-T5 ya mwaka 2022 ina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuunda picha) cha megapikseli 40 iwe nyeusi au silva, na X100VI ya mwaka 2024 ni vivyo hivyo. Weusi unaohusika na ubora wa picha uko ndani. Toa lenzi uchungulie kwenye tundu la bodi: kuta zote zimepakwa nyeusi isiyong'aa, ili mwanga usirukeruke humo na kuififisha picha. Hata kamera ya waridi ndani ni nyeusi.

Ila mara mojamoja rangi huja na jambo jingine nyuma yake, kwa hiyo soma vipimo vya kila rangi peke yake. Leica M11 iliyotoka Januari 2022 ni mfano mzuri. Nyeusi ilitengenezwa kwa kifuniko cha juu cha aluminiamu, ya silva kwa shaba ya manjano. Nyeusi ina uzito wa gramu 530, ya silva 640. Gramu 110 si kitu ukiishika dukani dakika mbili, ila ikae shingoni tangu bibi harusi anapambwa hadi watu wanatawanyika usiku, utazijua zote. Tena mwaka 2014 Fujifilm ilitoa X-T1 ya silva ya kijivujivu, ikaiuza kama dola 200 zaidi ya nyeusi, kihisi kikiwa kilekile. Mnunuzi alilipia upakaji wa rangi.

Mizani yenyewe

Napima kwa mambo matano. Kwanza watu: wanaokutazama wanakufanyia nini wanapoiona. Pili vioo na vitu vinavyong'aa. Tatu jua na joto. Nne uchakavu, yaani itaonekanaje baada ya miaka mitatu ya jasho na vumbi. Tano pesa, pamoja na lenzi utakazofunga na bei ya kuuzia. Uzuri sikuuweka kwenye orodha, si kwamba naudharau. Kamera unayoipenda hubaki begani, ile usiyoipenda hulala kabatini. Lakini hilo unalijua mwenyewe kuliko mimi.

Nyeusi

*Watu.* Hii ndiyo rangi inayosema "niko kazini", na sifa hiyo ina historia. Kamera za chuma za miaka ya 1950 nyingi zilikuwa za kromu inayong'aa. Nyeusi zilikuwa chache, na waliozitafuta walikuwa hasa wapigapicha wa magazeti wasiotaka kuonekana kwa mbali. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezunguka mitaani na Leica karibu maisha yake yote, aliifunika kromu ya kamera yake kwa tepu nyeusi. Nikon F ya mwaka 1959 ilipatikana kwa rangi zote mbili. Canon A-1 ya mwaka 1978 ilitoka nyeusi tu. Plastiki ilipotawala, nyeusi ikawa rangi ya kila mtu, lakini ile heshima ya kitaalamu haikuiacha.

Kwenye kazi za kulipwa heshima hiyo ni mtaji. Mama mzazi wa bibi harusi akiona bodi nyeusi yenye lenzi nene anatulia, anaona pesa yake iko mikono salama. Ukumbini taa zikishuka na MC akiita keki, nyeusi inapotea kifuani mwako, hasa ukivaa nguo nyeusi. Ukivaa shati jeupe, bodi nyeusi haikufichi, kwa sababu anayeonekana ni wewe.

Mtaani mambo hugeuka. Inua kamera nyeusi sokoni, watu wanakaza nyuso. "Unatoka gazeti gani?" "Picha zangu unapeleka wapi?" Ni maswali ya haki, na anayeulizwa ajibu kwa adabu. Ila ujue kwamba ukiwa na nyeusi utayajibu mara nyingi zaidi. Vibaka nao wameshajifunza kwamba kubwa na nyeusi ni ghali.

*Vioo.* Hapa nyeusi haina mshindani. Taswira yako huonekana kwenye kioo pale inapokuwa na mwanga kuliko kilicho nyuma ya kioo. Kitu cheusi kinarudisha mwanga kidogo, kwa hiyo jicho linapita moja kwa moja. Dirisha la gari mbugani, kabati la vioo la makumbusho, dirisha la duka la dhahabu, kote nyeusi inakupunguzia kazi. Ukiweza kuigusisha lenzi kabisa na kioo, rangi haina neno tena.

*Jua.* Nyeusi hufyonza joto. Vitabu vya maelezo vya kamera nyingi huweka ukomo wa nyuzi 40 za Selsiasi, na anayepiga picha Muscat mwezi wa Juni anaweza kuuvuka kabla kamera haijawashwa. Pwani yetu hewa haifiki huko, lakini bodi nyeusi iliyoachwa juani kwenye meza ya plastiki huwa ya moto mkononi. Mimi hutembea na kanga iliyochakaa ndani ya begi, naifunika kamera nikiwa sipigi. Kwa picha za kawaida inatosha. Kwa video ndefu, joto kubwa hutoka ndani, kwenye kihisi na prosesa, na jua ni nyongeza juu yake. Nyongeza hiyo wakati mwingine ndiyo inayoizima kamera katikati ya hotuba.

*Uchakavu.* Inategemea imetengenezwa kwa nini. Plastiki iliyotiwa weusi ndani kwa ndani ikikwaruzwa, mkwaruzo haupigi kelele. Chuma kilichopakwa rangi nyeusi huanza kung'aa kwenye kona na pale mkanda unaposugua. Kwenye Leica za shaba ile njano inayochomoza chini ya weusi wapo wanaoipenda na kuilipia. Jasho hukauka likaacha chumvi nyeupe kwenye bodi nyeusi, na vumbi huonekana upesi. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinalimaliza.

*Pesa.* Ndiyo rahisi kuuza. Lenzi karibu zote ni nyeusi, flashi ni nyeusi, vifuniko ni vyeusi, hakuna kitakachokataana nayo.

Inamfaa anayelipwa kwa kazi zake, anayepiga ukumbini na kwenye nyumba za ibada, anayepiga bidhaa, na anayebadilisha kamera kila baada ya muda.

Silva

*Watu.* Asubuhi moja Mkunazini, Mji Mkongwe, nilimkuta mzee barazani na kikombe chake cha kahawa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepita na kamera nyeusi, akainua kiganja, nikaelewa, nikaondoka. Siku hiyo nilikuwa na ndogo ya silva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo picha zake unasafisha wapi siku hizi?"

Alidhani ni ya filamu. Nikamwambia haina mkanda wa filamu, nikampa aishike. Akaizungusha ile gurudumu ya juu kwa kidole gumba, ikalia *tik, tik*, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akaniambia habari za picha yake ya kwanza, iliyopigwa studio na suti ya kuazima. Kisha akainyoosha kofia yake akasema, "Haya, piga."

Siwezi kudai kwamba rangi peke yake ndiyo iliyofungua mlango. Kamera ilikuwa ndogo, umbo lake la kizamani, na nilikuwa nimemsalimu vizuri zaidi. Lakini jambo hili limenitokea mara nyingi, Tanga, Bagamoyo, Unguja, na karibu kila mara mazungumzo yanaanzia kwenye ile silva. Watu wazima wanaitambua, vijana wanaiona nzuri, na wote wanadhani ni kitu cha mapenzi, hawaoni kazi ya gazeti ndani yake.

Upande wa pili nimeuonja pia. Nimefika kwenye send-off na silva mkononi, shangazi mtu akanitazama, akamvuta pembeni aliyenilipa: "Ndiyo hiyo kamera?" Nilikuwa na bodi kubwa ndani ya begi. Nilipoitoa ndipo akakaa. Picha walizozipenda baadaye nyingi zilitoka kwa ile ndogo, ila saa ile sikuwa na namna ya kumwonyesha.

*Vioo.* Muuza vitu vya kale aliniita nimpigie madele ya kahawa, yale ya shaba yenye mdomo mrefu, ayauze kwa wageni mtandaoni. Dele limesuguliwa kwa ndimu na majivu hadi linang'aa. Tumbo lake ni kioo cha mviringo: linameza chumba kizima, mlango, dari, na mpigapicha katikati. Nilipiga picha ishirini hivi. Nilipozikuza kwenye kompyuta, kila dele lilikuwa na doa jeupe tumboni, dogo kama punje ya mchele, na ndani ya doa niliiona kabisa gurudumu ya silva ya kamera yangu. Nilirudi kesho yake na bodi nyeusi, nimevaa fulana nyeusi, nimesimama nyuma ya kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi. Doa likatoweka. Kusema kweli kitambaa kilifanya kazi kubwa kuliko bodi, na kama ningekuwa nacho siku ya kwanza, hata silva ingepita. Lakini si kila mahali utatundika kitambaa.

*Jua.* Haipati moto upesi kama nyeusi, na tofauti unaihisi kwa kiganja. Ila ina kero yake: kwenye jua la utosi kifuniko cha juu humeremeta, na namba nyeusi kwenye gurudumu za silva husomeka kwa shida. Namba nyeupe juu ya weusi hazina tabu hiyo. Ndani ya begi jeusi usiku, silva unaiona mara moja.

*Uchakavu.* Uliza swali moja: silva ya nini? Kromu juu ya chuma hudumu, mikwaruzo midogo huyeyukia ndani ya mng'ao. Silva iliyopakwa juu ya plastiki nyeusi ni jambo jingine, kwa sababu kila mkwaruzo unafichua weusi chini yake, na huanzia kwenye pete za mkanda na kona za chini. Kabla ya kununua mpya, tafuta iliyotumika miaka miwili mitatu uitazame sehemu hizo. Vumbi na chumvi ya jasho havionekani sana.

*Pesa.* Lenzi za silva zipo, lakini chache. Kwa Fujifilm, kwa mfano, XF 35mm f/2 unaipata kwa rangi zote mbili, ila ukipanda kwenye zumu nzito kama XF 16-55mm au XF 50-140mm ni nyeusi tu. Bodi ya silva na lenzi nyeusi wengine wanaona inapendeza, wengine inawakera kila wakiitazama. Jijue uko upande gani. Sokoni wanunuzi wa silva ni wachache kuliko wa nyeusi, lakini kwa kamera za umbo la kizamani wapo wanaoitaka hiyo tu na hawabishani sana bei.

Inamfaa anayepiga watu mtaani na safarini, anayependa kuzungumza kabla ya kupiga, na anayenunua kamera ya kukaa nayo.

Nyeupe na rangi za kuchangamka

*Watu.* Rangi hizi si mzaha wa jana. Kodak iliuza kamera za rangi kwa wanawake tangu mwaka 1928, Pentax K-x ya mwaka 2009 ilitoka kwa rangi chungu nzima, na Nikon Zfc ya mwaka 2021 ilikuja na ngozi bandia za rangi sita, pamoja na waridi na kijani cha mnanaa, juu ya bodi ya silva. Watoto wanazipenda. Nilipoazima ile nyeupe kwa kazi ya mahafali ya chekechea, watoto walinifuata wenyewe, kila mmoja anataka kuiona, na picha zao za siku ile zina macho yaliyofunguka. Anayejirekodi na kujionyesha mtandaoni naye ananufaika, kwa sababu kamera ikionekana kwenye kioo inakuwa sehemu ya sura yake.

Penye viongozi, msiba, au shughuli ya ofisi, inakuweka mbele ya watu pasipo sababu. Mtu aliyefiwa hapaswi kuvutwa macho na kamera yako.

*Vioo.* Ndiyo dhaifu kuliko zote. Doa la dele lingekuwa kubwa zaidi.

*Jua.* Hapa nyeupe ina hoja ya kweli, na hoja hiyo tunaiona kila wiki bila kuijua. Nenda mechi ya Simba na Yanga uwanja wa Benjamin Mkapa, tazama nyuma ya goli: zile lenzi ndefu nyeupe. Canon ilianza kuzipaka hivyo tangu miaka ya 1970. Lenzi zile hutumia fuwele za floraiti, ambazo hutanuka kwa joto kuliko kioo cha kawaida, na lenzi ikitanuka ulengaji unasogea. Weupe hurudisha jua. Lakini Nikon kwa miaka mingi imeuza lenzi ndefu nyeusi, na wapigapicha wa michezo wamezitumia kwenye jua hilohilo. Kwa hiyo weupe ni msaada kwenye pipa la vioo lenye kilo kadhaa linalosimama juani saa mbili. Kwenye bodi ndogo inayoingia kwenye begi kila baada ya dakika kumi, msaada huo ni mdogo. Ukirekodi video nje, kamera kwenye tripodi, nusu saa bila kusimama, hapo utauhisi.

*Uchakavu.* Mwenye ile nyeupe niliyoazima alimpa bibi harusi aangalie picha zake kwenye skrini usiku wa hina. Hina haikuwa imekauka. Alama ya kidole ipo hadi leo kwenye ukingo wa mshikio, ya rangi ya chai ya rangi, ameisugua kwa kila kitu anachokijua. Vumbi jekundu la bara, mafuta ya nazi, losheni, vyote huandika jina lao hapo. Na plastiki nyeupe huelekea kuingia umanjano kadiri miaka inavyokwenda. Atakayeitunza kwa kava ya silikoni atadumu nayo, ila basi weupe wenyewe utakuwa umefunikwa.

*Pesa.* Jambo kubwa hapa ni modeli. Rangi hizi hupatikana zaidi kwenye kamera za wanaoanza. Canon EOS R50 ya mwaka 2023 unaipata nyeusi au nyeupe, Sony ZV-E10 pia. Zote mbili zina nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha, na hazikuzibwa dhidi ya vumbi na maji. Zinapiga picha nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini anayeanza kwa kuchagua rangi anaweza kujikuta amejichagulia kamera bila kujua, kisha akapata kazi ya kupiga ngalawa baharini na hana kinga ya mnyunyizo wa maji. Chagua modeli kwanza, halafu uulize kama inatoka nyeupe.

Inamfaa anayeanza, anayejirekodi, anayepiga watoto na familia, na mwenye mikono safi ya kuitunza.

Vinavyoonekana kuliko bodi

Nitakuwa sijakutendea haki nikikuacha uamini kwamba rangi ndiyo inayokuficha au kukuanika. Mkanda wa boksi wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa, mara nyingi za njano au nyekundu, unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nunua wa kawaida usio na maandishi. Kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kinachowaka mbele ya kamera gizani kusaidia kulenga kinamulika uso wa mtu kabla hujapiga. Kizime kwenye menyu, na mlio wa *pip* uzime vilevile. Urefu wa lenzi unaogopesha kuliko rangi yoyote. Na kwa walinzi wa majengo ya serikali, kambi za jeshi au vituo vya polisi, rangi haina utetezi, si Tanzania si Kenya: pasiporuhusiwa kupiga picha hapapigwi.

Ukitaka kuziba maandishi au kromu kwa tepu, usitumie ile ya umeme. Kwa joto letu gundi yake huyeyuka na kubaki bodini, inanata vidole na kukusanya vumbi. Tafuta tepu ya kitambaa wanayotumia mafundi wa jukwaa, ambayo hutoka bila kuacha gundi.

Mbugani nako naulizwa sana kama wanyama wanaona rangi ya kamera. Wanyama hushtushwa na mkono unaochomoza ghafla na sauti, na gari lako wameshaliona zamani. Wanaojali weusi ni mbung'o: huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao unayoikuta imetundikwa kwenye miti Tarangire ni ya vitambaa vya rangi hizo. Hilo lihusishe na shati na suruali yako. Kamera eneo lake ni dogo mno.

Kwa hali yako

Kama unaanza biashara ya harusi na hii ndiyo kamera yako ya pekee, chukua nyeusi. Itakupunguzia maswali ya wateja katika mwaka wa kwanza, ambao maswali yake ni mengi tayari, na ukitaka kupanda daraja utaiuza bila kuhangaika.

Kama una nyeusi tayari na unatafuta bodi ya pili ya kutembea nayo, silva ina maana. Utapata kifaa chenye tabia tofauti, na usiku ndani ya begi utajua ipi ni ipi.

Kama kazi yako ni vito, vyombo vya shaba, saa, chupa za manukato, au nyumba zenye vioo vingi, nyeusi, pamoja na fulana nyeusi na kitambaa chenye tundu. Kama tayari unayo ya silva usiiuze, kitambaa ni cha bei ndogo.

Kama unarekodi video nje kwa muda mrefu, au uko Ghuba ambako kiangazi hakina huruma, weka uangalifu kwenye modeli inayostahimili joto kabla ya rangi. Zikibaki mbili zilizo sawa, chukua ile isiyo nyeusi, na mwavuli usiusahau.

Kama unanunua iliyotumika, angalia hali kwanza na rangi baadaye. Silva yenye kona safi ni bora kuliko nyeusi iliyoanguka. Kwa kamera za kale za filamu kuwa mwangalifu na nyeusi za bei ya juu: kwa kuwa watozaji wa vitu vya kale huzilipia zaidi, zipo zilizozaliwa na kromu zikapakwa rangi baadaye. Mpelekee fundi anayezijua azifungue kabla hujatoa pesa.

Kama unamnunulia mtoto wako au mdogo wako anayeanza, mwite achague mwenyewe, hata akichagua waridi. Atatembea nayo, na kwa anayejifunza kutembea nayo ndiyo darasa.

Na kama umesimama dukani sasa hivi, maboksi mawili mbele yako, uliza bei ya kila moja. Zikitofautiana, chukua ya chini, na ile tofauti mwambie muuzaji akupe betri ya akiba.